Hiyo Si Anwani

Jumanne, 4 Juni

Shangazi kapiga simu saa ya chakula. Anaongea kwa kunong'ona, kama aliyejifungia kabatini. Kasema alikutana na wifi wa mdogo wangu hospitalini, kwenye foleni ya dawa, na yule wifi akamwuliza, huku anacheka — eti hao watu wenu wanawezaje kulala na kelele za mashine ya kusaga?

Mashine ya kusaga! Naisikia sasa hivi ninavyoandika. Iko hapo mbele, kituoni.

Nani kasema?

Niandike yote, labda kichwa kitatulia. Bwana Harusi — namwita hivyo kwa sababu jina lake silitaki chumbani mwangu hata kwa kalamu — alikuwa mume wa mdogo wangu. Alimvunja mkono, halafu mbavu. Mahakama ikavunja ndoa, ikampa mdogo wangu mtoto, ikaamuru yule mtu asijue wanakoishi. Rafiki aliyewaficha mwanzo aling'olewa meno mawili mlangoni pake mwenyewe, kabla hajamaliza kusema karibu. Bwana Harusi haulizi kwanza. Anapiga, halafu ndiyo anauliza. Kwa hiyo tangu Januari mdogo wangu na binti yake wako kwangu. Wanaojua ni sisi na Shangazi. Basi.

Na sasa wifi, dada yake Bwana Harusi, anajua habari za mashine.

Mdogo wangu sijamwambia. Alikuwa anamsuka mtoto nywele, anaimba. Siku nyingi alikuwa haimbi.


Jumatano, 5 Juni

Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo naanza na nguo.

Shangazi. Ananipenda, lakini hadithi yake haikosi chumvi, na chumvi nyingine huwa anaazima. Mtoto — tunamwita Chiriku, na hakupewa jina hilo bure. Huko chekechea anasimulia mpaka ndoto zake. Fundi wa kuchomelea pale kichochoroni, anayenisalimia kama ananidai. Na Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili. Huyo ndiye namba moja. Mama Pacha hana kifua hata kidogo. Mwenye nyumba alipokosana na mkewe, sisi wapangaji tulijua kabla ya mkewe.

Nimetega mitego. Shangazi nimemwambia tunahama, tunakwenda karibu na uwanja wa mpira. Mama Pacha nimemwambia mgeni wangu anasomea uuguzi na mumewe yuko ng'ambo. Uongo wangu ukirudi kwangu kwa mdomo mwingine, nitajua umepita mlango gani.

Mama Pacha alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, haya jirani, Mungu amsaidie masomoni. Hakuuliza hata swali moja. Yeye! Jambo hilo limenitia wasiwasi kuliko maswali.


Ijumaa, 7 Juni

Mitego haijanasa kitu. Wala panya.

Lakini leo kazini limetokea jambo. Sisi wa dobi mifuko ya watu tunaijua kuliko wake zao. Kabla nguo haijaingia majini lazima mifuko ipekuliwe — kalamu moja tu ikisahaulika, mashati ya watu kumi yanaharibika. Kuna mwanasheria mmoja mnene huleta koti lake kila Ijumaa. Mfukoni nimekuta karatasi ya mahakama. Shauri la watu wengine, ndoa na watoto, na kila palipo na jina pamepakwa wino mweusi.

Alipokuja kuchukua nikamrudishia na kumwuliza, kama mtu asiyejali, karatasi ile kaipata wapi. Akasema masjala. Kumbe shauri likishaamuliwa, nakala yake mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma. Haki ifanyike mbele ya watu, ndiyo hoja yao. Ila za kifamilia wanafuta majina.

Nikauliza, wanafuta vizuri? Akacheka. Akasema, inategemea mfutaji.

Usiku huu kitanda ni kama kina mawe.


Jumatatu, 10 Juni

Nimeomba ruhusa, nimesema jino. Nimekwenda masjala.

Iko nyuma ya mahakama. Chumba kirefu, feni moja, kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu. Nikataja namba ya shauri la mdogo wangu, nikalipia, karani akaingia ndani akatoka na nakala. Hakuniuliza mimi ni nani. Hakutazama hata uso. Ningekuwa na panga mkononi angenipa risiti.

Mtu mwenyewe si mbaya. Wa makamo, kidole gumba cheusi kwa wino. Nilipomwambia mhusika ni ndugu yangu wa damu na ninaogopa, akafurahi! Akanigeuzia kurasa moja moja, kama fundi cherehani anayeonyesha mishono. Hakimu, kasema, aliagiza anwani ifichwe hata kwa mume. Jalada lenyewe limefungiwa. Hata mume akija anapewa nakala hii hii. Jina — jeusi. Namba ya kitambulisho — nyeusi. Simu — nyeusi. Sanduku la posta — jeusi tii. Akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Kasema yeye hupaka mara mbili, nyuma na mbele, kwa sababu wenzake wavivu. Kweli, huoni kitu.

Nikaanza kupumua. Nikafungua ukurasa wa mwisho.

Kiapo cha tarishi wa mahakama. Ni yule aliyemletea mdogo wangu samansi mwezi wa nne, Bwana Harusi alipoomba kumwona mtoto. Tarishi lazima aape kwamba kweli alifika na kweli alimkuta mtu. Na sisi huku nyumba hazina namba. Sasa mtu anaapaje kwamba alifika? Anaeleza njia.

Nimeikariri bila kutaka: “Nilishuka kituo kinachotazamana na mashine ya kusaga. Nikaingia kichochoro cha kwanza kulia, nikampita fundi wa kuchomelea vyuma, nikafika nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga isiyo na geti. Upande wa kushoto, kwenye mlango wa bluu, nilimkuta mhusika akianika nguo, nikamkabidhi, naye akatia saini.”

Yote yanasomeka. Hakuna hata tone la wino.

Nikamwekea karani kidole pale. Nikasema, na hii? Akasoma. Akasema, hiyo si anwani, dada yangu. Hayo ni maelezo. Anwani ni sanduku la posta, na sanduku nimelifuta.

Nilitaka kumrukia! Nikamwambia, baba, mtu akinifuata kwa sanduku la posta atakuta kijisanduku cha chuma huko posta, na buibui wake. Akinifuata kwa mlango wa bluu atanikuta napiga mswaki. Akanionyesha waraka wao, umebandikwa ukutani: jina, kitambulisho, simu, sanduku la posta, akaunti ya benki. Akaupitishia kidole taratibu mpaka chini. Milango haimo.

Sasa afute basi! Hapa, leo, wino huo huo! Hawezi. Nakala imeshapigwa muhuri. Akiigusa ni kosa la jinai. Inatakiwa amri ya hakimu. Ili kupata amri, mdogo wangu alete ombi lenye sababu. Na ombi lazima apelekewe mtu wa upande wa pili kwanza, ili naye atoe maoni yake.

Yaani nimwombe mwizi ruhusa ya kufunga mlango. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakucheka. Alifunika kalamu yake, akasema kazi yake ni kupaka wino tu, sheria wanatunga wengine.

Nikauliza nani amekwisha kuisoma nakala hii. Akanyooka. Kasema majina ya wasomaji ni siri, dada yangu, lazima tuwalinde.

Wasomaji wanalindwa!

Nilipokuwa natoka akaniita. Akaongea akitazama feni: wewe si wa kwanza. Basi, akarudi ndani.


Jumanne, 11 Juni

Nimemwambia mdogo wangu yote. Alikaa kitandani mikono magotini. Tarishi anamkumbuka: mtu mpole, alifuta viatu kabla ya kukanyaga kizingiti, akaomba maji. Hakuna ubaya wowote, kasema. Hakuna aliyefanya ubaya, dada, ndiyo kinachonitisha.

Alitaka tupeleke ombi. Tufuate sheria, sheria ndiyo iliyomtoa kule. Nimekataa. Sasa hivi Bwana Harusi ana karatasi tu. Mashine za kusaga ziko nyingi. Tukipeleka ombi tutakuwa tumemgongea muhuri: ndiyo, ni hapo hapo, tafadhali usije.

Tunahama. Kuna chumba upande wa pili wa mji, mpangaji anatoka mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo hatuna pa kwenda. Kwa Shangazi ndiko atakakoanzia kutafuta.

Na Shangazi namwomba radhi humu humu, kwa sababu usoni sitaweza.


Jumatano, 12 Juni

Mashine siwezi kuihamisha. Fundi wa kuchomelea siwezi kumhamisha. Mlango naweza.

Leo jioni nimeupaka rangi ya kahawia. Nyumba nzima mlango wa bluu ulikuwa wangu tu, na niliupaka mwenyewe mwaka jana kwa sababu ulinipendeza. Hakuna anayepaka mlango kahawia kwa raha. Mwenye nyumba kapita, kasema, mama, umefiwa?

Mama Pacha kaja na pacha wake mmoja kiunoni. Kaona kopo la bluu lililobaki nyuma ya pipa la maji. Kasema kama umeichoka, nipe mimi, mlango wangu tangu nihamie uko uchi.

Nikampa. Nilifurahi kuliona kopo linaondoka. Na amenishukuru mno, akaniombea mume!


Ijumaa, 14 Juni

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza. Chiriku kaniambia mlango unafanana na chokoleti. Kazini nimekuta barua ya mapenzi kwenye suruali ya mchungaji, nikairudisha mfukoni baada ya kuifua. Siri za watu naziweza.


Jumapili, 16 Juni

Mungu wangu.

Nilitoka sokoni, nikashuka kituoni, na kwa mara ya kwanza nikasema ngoja nitembee kama mgeni. Kama mtu aliyeshika ile karatasi. Mashine ya kusaga, nimeipa mgongo. Kichochoro cha kwanza kulia. Fundi wa kuchomelea, kanisalimia. Nyumba ndefu, hakuna geti. Kushoto.

Mlango wa bluu. Unang'aa. Bado unanuka rangi. Na mbele yake mwanamke, kanipa mgongo, anaanika nguo.

Alikuwa Mama Pacha.

Nilisimama pale na mfuko wa nyanya mkononi. Akageuka, akaniuliza mbona nimepigwa butwaa, au mlango umenipendeza? Nikasema umependeza. Nikaingia ndani.

Sikumwondoa yule mtu. Nimemwelekeza kwa mwingine. Kwa mwanamke mwenye watoto wadogo wawili na mume dereva wa malori aliyevuka mpaka, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Na Bwana Harusi haulizi kwanza!


Jumatatu, 17 Juni

Mdogo wangu anasema kitu kimoja tu tangu asubuhi: mwambie.

Rahisi kusema. Nikimwambia Mama Pacha kwa nini mlango wake ni hatari, lazima nimwambie nani yuko nyuma ya mlango wangu. Na Mama Pacha akijua, bomba la maji litajua, na duka litajua, na fundi wa kuchomelea atajua. Masjala walau wanalipisha.

Nikamwambia mdogo wangu, siri yako ikitoka utarudi hospitali. Akanijibu, na yeye asipojua ataenda hospitali kwa niaba yangu. Halafu akasema jambo lililonichoma: dada, wewe humwamini mtu yeyote, lakini humkosi wa kumbebesha mzigo.

Tulinuniana mpaka chakula cha usiku. Chiriku katupatanisha kwa kumwaga uji.


Jumanne, 18 Juni

Nimenunua kopo la kahawia. Nimempelekea Mama Pacha. Nikasema nimeona bluu hiyo inachafuka haraka, bora tufanane, nyumba ipendeze.

Alinitazama. Kasema, jirani, mume wangu nimempigia picha mlango, kasema nyumba imekuwa kama ya waziri. Unataka niupake tope?

Nikasema basi wacha nikusaidie bure, kesho, wewe hutashika hata brashi. Akasema hapana. Akasema polepole, bila kunitania: una nini, jirani? Kama kuna jambo, niambie.

Mlango ule ule niliokuwa nautafuta, kaufungua mwenyewe. Nami nikajifanya hamnazo! Nikasema jambo gani, nikarudi na kopo langu.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa ili nisijidanganye.


Alhamisi, 20 Juni

Simu ya Shangazi. Bwana Harusi ameonekana stendi kuu, yuko na mwenzake.

Nimekuja nyumbani mbio nimekusudia kumwambia Mama Pacha. Nikamkuta bombani na wanawake wanne, anasimulia habari za mtu, wote wameshika mbavu kwa kicheko. Sikujua anamsema nani. Nikapita moja kwa moja ndani.

Kesho.


Ijumaa, 21 Juni

Kazi imenichelewesha, koti la mwanasheria lilipotea na kupatikana. Mama Pacha kashafunga. Taa imezimwa, pacha wanalia, nikaona nisimgongee.

Kesho, Jumamosi, sina kazi. Asubuhi. Liwalo na liwe.


Jumamosi, 22 Juni

Asubuhi alikwenda sokoni. Nilimngoja mlangoni tangu chai. Karudi mchana, pacha mmoja mgongoni na mmoja mkononi, nikasema nimwache awalaze kwanza. Hilo lilikuwa kosa.

Wamekuja.

Naandika kwa sababu siwezi kufanya kitu kingine kisicho na sauti. Nimekaa chini, chini ya dirisha. Mdogo wangu yuko pembeni ya kabati. Pasi kaichomoa. Chiriku amelala. Komeo liko ndani.

Nilichungulia mara moja. Ni yeye. Kanenepa. Kavaa shati jeupe, pasi imenyooka, mtu wa heshima. Mwenzake kabaki kichochoroni na fundi. Bwana Harusi kashika karatasi iliyokunjwa mara nne. Katazama karatasi, katazama milango, akaenda moja kwa moja kwenye bluu.

Hakupiga. Kumbe siku hizi anauliza kwanza. Labda kwa sababu ni mchana, labda mahakama imemfundisha. Kagonga, na Mama Pacha katoka. Kasema anamtafuta ndugu yake, mwanamke mmoja mgeni, wana msiba, lazima apate habari.

Nikasema moyoni, kwisha. Sasa ataongea. Sasa atasema ooh, yule msomi wa uuguzi!

Mama Pacha kasema humu wageni hakuna. Bwana Harusi kamsomea karatasi, neno kwa neno, mpaka kwenye nguo. Mama Pacha kamwambia nguo hizo ni zake, mlango ni wake, na aliyeandika hivyo kamwandika yeye. Mwezi wa nne tarishi alikuja kwangu, kasema, kwa kesi yangu, na kesi yangu si ya kumhadithia kila mwenye shati jeupe.

Nimejiuma kidole. Mama Pacha hana kesi yoyote! Na Bwana Harusi hakutaja mwezi wa nne — tarehe hakuisoma, nilikuwa nasikiliza. Mwezi huo kaujuaje? Alimwona tarishi. Alimwona mdogo wangu akitia saini. Amejua tangu mwezi wa nne, pengine tangu Januari, na sikumsikia akimwambia mtu.

Bwana Harusi hakuondoka. Kavuta ndoo ya Mama Pacha, kaigeuza, kaikalia. Kasema atangoja, labda atakumbuka vizuri. Mama Pacha kasema ngoja tu, mume wangu yuko njiani, anakuja kula. Mume wake yuko nchi nyingine!

Sasa anaanika nguo. Nasikia anavyozikung'uta. Anaanika polepole, na pacha wanalia ndani, na haendi kuwachukua. Nadhani hataki kumpa mgongo.

Mdogo wangu kanishika bega. Kaninong'oneza: nafungua. Nimemzuia kwa mkono. Kaniambia tena, dada, zamu hii si ya Mama Pacha. Anasema kweli. Namshika tu.

Bwana Harusi kauliza, na hapo kwenye kahawia, anakaa nani?

Shati limekung'utwa.

Mama Pacha kasema, hapo? Hapo anakaa mwanamke wa dobi. Mchoyo, ana kiburi, haongei na mtu. Angekuwa na ndugu humu tungemwonea huruma huyo ndugu.

Peke yake?

Peke yake. Kalijibu hilo kwa sauti ya kusikika mpaka kituoni.

Ndoo imelia kwenye saruji. Ameinuka. Mama Pacha anamwambia wewe baba, nimekwambia mume wangu anakuja, unakwenda wapi — na viatu vyake havijasimama, vinakuja huku, na mdogo wangu ameutoa mkono wangu, na mimi ndiye niliye karibu na komeo